Kwa nini aliiba? Historia ya swali ambalo majela yetu hayaulizi

Mjini Goma, Bukavu, Butembo hata Bunia kuna maneno ambayo wakaaji wanayarudilia karibu kila wiki: leo wamemkamata, kesho utamkuta kwenye avenyu. Kijana ananyang'anya watu simu usiku, analala siku mbili tatu kwenye kasho ya polisi, anapelekwa parke, kisha anarudi. Wengine wanapita jela miezi sita na wanarudi vilevile. Ni katika hasira hiyo mawe na matairi yanatoka, na kijana anauawa barabarani mbele ya watoto wa shule kabla polisi hawajafika. Watu wanaita jambo hilo haki ya raia, ijapokuwa haki haimo.

Hasira ya wakaaji ina msingi, hakuna wa kuikataa. Lakini inaangalia mlango tu: je, mtu amefungiwa ndani ama amefunguliwa? Haisemi neno juu ya kile kinachotendeka kati ya siku mtu anatoka na siku anakamatwa tena. Kuna inchi ambazo zimeshughulika na kipindi hicho kwa zaidi ya miaka 180. Zinamwacha mkosaji nje ya jela kwa masharti, chini ya mtu ambaye kazi yake ni kumfuata, kumsaidia, na kutafuta kilichomfikisha mbele ya hakimu. Historia ya kazi hiyo ni ndefu, ina makosa mengi, na kipande chake kimoja kilifika hata hapa Kongo kupitia Wabelgiji, lakini kilifika nusu.

Fundi viatu wa Boston

Mwaka 1841, mjini Boston huko Marekani, fundi viatu mmoja jina lake John Augustus alikuwa ameketi kwenye korti ya polisi, karibu na duka lake. Waliingiza mtu mwenye nguo zilizochanika, aliyeshitakiwa kuwa mlevi wa kila siku. Wakati ule adhabu ya mlevi ilikuwa kufungwa. Augustus alizungumza naye kidogo, akaona kwamba mtu huyo bado anaweza kubadilika, akamwomba hakimu amwachie kwa dhamana yake. Hakimu alikubali, akatoa wiki tatu. Mlevi yule alitia sahihi ahadi ya kuacha pombe. Siku ya kurudi kortini alikuwa amebadilika hivi kwamba waliomwona mara ya kwanza hawakumtambua. Hakimu alimtoza faini ya senti moja pamoja na gharama za korti, na mtu akaenda zake na kazi yake.

Toka hapo fundi viatu hakuacha. Mwaka 1847 aliwachukua kwa dhamana wavulana 19 wa umri wa miaka 7 hadi 15, na hakimu akakubali kesi zao ziahirishwe miezi kadhaa ili waangaliwe kwanza. Mpaka alipofariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu 1,946, wanaume, wanawake na watoto. Aliwatafutia nyumba na kazi, wengine aliwalaza kwake. Biashara yake ya viatu ilianguka. Maofisa wa korti na walinzi wa jela walimchukia, na sababu haikuwa ya juu sana: walikuwa wakilipwa kwa kila mtu aliyepelekwa kufungwa, kwa hiyo kila aliyemwokoa alikuwa akiwatoa mfukoni. Msomaji wa Kongo ambaye amewahi kulipa ili ndugu yake atolewe kasho hatahitaji maelezo zaidi.

Jambo ambalo mara nyingi linasahauliwa ni kwamba Augustus hakumchukua kila mtu. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1852 alieleza kwamba kabla ya kudhamini alichunguza kwanza: mtu huyu alikuwa na tabia gani zamani, ana umri gani, na akitoka hapa atazungukwa na watu gani? Hayo ndiyo maswali matatu ya kwanza ya kazi yote iliyokuja baadaye. Hakusoma chuo chochote cha tabia za watu. Alikuwa katika kundi la watu waliopinga pombe, wakiamini kwamba mlevi anaokolewa kwa kueleweka kuliko kwa kupigwa. Kwake ulevi ulikuwa chanzo, na kosa lilikuwa tunda lake.

Miaka 19 baada ya kifo chake, mwaka 1878, bunge la Massachusetts liliweka sheria iliyomruhusu meya wa Boston kuajiri mtu wa kazi hiyo kwa mshahara. Uingereza nayo ilianza kupitia watu wa dini: mwaka 1876 mpiga chapa Frederic Rainer alitoa shilingi tano kwa chama cha kanisa cha kupinga pombe, na chama kikaanza kuweka wamisionari kwenye korti za polisi za London. Mwaka 1907 Waingereza wakaifanya kuwa sheria ya inchi, na kazi ya msimamizi ikaandikwa kwa vitenzi vitatu: kushauri, kusaidia, kuwa rafiki.

Mafuvu ya vichwa na hesabu za Mbelgiji

Mwaka uleule wa 1876, huko Italia, daktari Cesare Lombroso alitoa kitabu kilichosema mambo mengine kabisa. Yeye alipima mafuvu, taya na masikio ya wafungwa, akadai kwamba wako watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba unaweza kuwajua kwa sura. Kama ni hivyo, kumshauri na kumsaidia mwizi ni kupoteza wakati. Mafundisho yake yalienea sana, hasa kwa sababu yanapendeza: yanamweka mkosaji upande wake na sisi wengine upande wetu. Kwenye mkutano wa Roma mwaka 1885, daktari Mfaransa Alexandre Lacassagne alimpinga. Alifananisha mhalifu na kijidudu cha ugonjwa, ambacho hakifanyi kitu mpaka kikute mahali panapokifaa kukua.

Lakini mtu aliyekuwa amefungua njia hiyo mapema zaidi alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota na hesabu. Katika miaka ya 1830 alichukua hesabu za korti za Ufaransa na kukuta jambo lililomshitua: idadi ya makosa inarudi karibu ileile kila mwaka, kwa umri uleule, kwa namna zilezile. Akasema kwamba jamii yenyewe ndiyo inaandaa makosa, mkosaji anayatimiza tu kwa mkono wake. Walimshambulia kwamba anaondoa hiari ya mtu. Yeye alikuwa anasema jambo rahisi: ukitaka kupunguza idadi ile, gusa kinachoizaa.

Ubelgiji ilisikia nusu ya neno lake. Tarehe 31 Mei 1888, waziri wa sheria Jules Le Jeune alipitisha sheria yenye sehemu mbili: mfungwa anaweza kuachiliwa kabla ya muda kwa masharti, na hakimu anaweza kusimamisha adhabu ya mtu ambaye ni mara yake ya kwanza. Ilikuwa kati ya sheria za kwanza za aina hiyo Ulaya. Nia yake ilikuwa nzuri: jela za wakati ule zilikuwa zinamchukua mtu aliyeiba mkate na kumtoa akiwa mwizi aliyekomaa. Ila sheria ile iliacha shimo moja kubwa. Ilimfungulia mtu mlango na kumwambia asirudie, bila kumpa mtu wa kumfuata kila wiki kama alivyofanya fundi viatu. Ubelgiji yenyewe ilingoja mpaka tarehe 29 Juni 1964 ndipo ikaweka sheria ya kuwasimamia watu wazima nje ya jela. Kongo ilikuwa imekwisha kujitawala miaka minne.

Chicago: mtaa unabaki, watu wanabadilika

Wamarekani ndio walioendelea kuchimba. Mwaka 1899 Chicago ilifungua korti ya watoto, na mwaka 1909 daktari William Healy akaanza kuwapima watoto waliopelekwa pale, mmoja mmoja, akiwahoji wao na mama zao. Alikuwa anatafuta chanzo kimoja cha uhalifu, hakukipata. Kila mtoto alikuwa na fungu lake: huyu baba amekufa, yule haoni vizuri na shule imemshinda, mwingine ana rafiki wakubwa wanaomtuma. Kitabu chake cha mwaka 1915 kiliwafundisha wasimamizi wasije na jibu kabla ya kuuliza.

Kisha wakaja Clifford Shaw na Henry McKay. Shaw mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya kuwasimamia vijana walioachiliwa. Wawili hao walifanya jambo ambalo lingefaa kufanywa leo Goma: walichukua ramani ya mji na kuweka alama kwenye nyumba ya kila kijana aliyepelekwa kortini, kwa miaka mingi. Alama zilijaa kwenye mitaa ileile iliyo karibu na viwanda na katikati ya mji, nyumba mbovu, watu wanaohama kila mara. Mwanzoni mitaa hiyo ilikaliwa na Wajerumani na Waairishi. Baadaye hao walipata pesa wakahamia mbali, wakaingia Wapoland na Waitaliani, kisha watu weusi kutoka kusini. Kabila lilibadilika, lakini wingi wa makosa ulibaki palepale mtaani. Na vijana wa wale waliohama, wakifika mitaa mizuri, makosa yalipungua.

Wakaaji wa mashariki ya Kongo wanajua namna ambavyo wezi wakizidi, jambo la kwanza ni kutafuta walitoka wapi. Wanasemwa wakimbizi wa vita, wanasemwa wa teritwari fulani, wanasemwa wa kabila fulani. Kitabu cha Shaw na McKay, kilichotoka mwaka 1942, kinajibu kwamba ungewatoa wote na kuleta wengine, mtaa usio na maji, usio na shule ya karibu wala kazi ungewafanyia hao wengine vilevile. Shaw hakuishia kwenye ramani. Katika miaka ya 1930 alianzisha kazi mitaani iliyowaajiri watu wa palepale, hata waliowahi kufungwa, wawaangalie vijana wa mtaa wao. Aliona kwamba mgeni aliyevaa koti, anayefika mara moja kwa mwezi, hawezi kujua yale ambayo muuza sigara wa pembeni anayajua tangu asubuhi.

Utafiti mwingine unastahili kutajwa. Bwana na bibi Glueck, wa chuo kikuu cha Harvard, waliwafuata wavulana 500 wakosaji wa Boston na wengine 500 wa mitaa ileile wasiokuwa na makosa, wakatoa kitabu mwaka 1950. Makaratasi yao yalisahauliwa ndani ya makartoni chini ya maktaba mpaka Robert Sampson na John Laub walipoyafungua katika miaka ya 1980. Walitazama wale waliokuwa wezi utotoni: kwa nini baadhi waliacha na wengine hawakuacha? Jibu lililorudi mara nyingi lilikuwa kazi ya kudumu, ndoa yenye kusikilizana, na kwa wengine jeshi. Kwa hiyo chanzo cha kuanza na chanzo cha kuacha si lazima viwe kitu kimoja. Mtu anaweza kuanza kuiba kwa sababu baba alimpiga, na akaacha kwa sababu bwana wa garaji alimwamini na funguo.

Mambo hayakwenda mbele moja kwa moja. Mwaka 1974 Robert Martinson alichapisha muhtasari wa tafiti 231, watu wakasikia humo neno moja tu: hakuna kinachofaa. Wanasiasa walifurahi. Marekani ikajenga jela, na msimamizi wa mtu aliye nje akageuka polisi wa pili, kazi yake kupima mkojo na kuhesabu siku ambazo mtu hakufika ofisini. Martinson mwenyewe alirekebisha maneno yake mwaka 1979, lakini marekebisho hayakupata wasomaji wengi. Ilibidi wasubiri mwaka 1990, ambapo Wakanada Donald Andrews na James Bonta pamoja na wenzao walipanga upya mambo: mpe nguvu zaidi yule mwenye hatari kubwa ya kurudia, gusa yale yanayomsukuma kwenye kosa, kama marafiki, mawazo yake, ulevi na ukosefu wa kazi, na sema naye kwa namna anayoielewa. Bonta baadaye alisikiliza kaseti za mazungumzo ya wasimamizi wa Manitoba na watu wao. Muda mwingi ulikwenda kwenye masharti: ulifika saa ngapi, umelipa? Na wale waliotumia dakika nyingi sana juu ya masharti, watu wao walirudia makosa zaidi.

Kongo: fimbo, kufukuzwa, na sheria ya karatasi

Kwa Mkongomani wa enzi za ukoloni, jela haikuuliza chochote. Mtu alifungwa kwa kukosa kodi, kwa kukimbia kazi, kwa kukosa karatasi ya kusafiri, na ndani fimbo ilimngoja. Adhabu ilikuwa chombo cha kupata wafanyakazi. Watu hawakuona ndani yake somo lolote juu ya wema na ubaya, na labda mashaka ya leo kuhusu korti yana mzizi wake hapo.

Swali la chanzo liliingia kupitia vijana wa Léopoldville. Mji huo ulikuwa na watu karibu 50,000 mwaka 1940, na ulipofika 1960 walikuwa karibu 400,000. Watoto walikuwa wengi kuliko nafasi za shule, na uchumi ulipoyumba katikati ya miaka ya 1950 kazi zikapotea. Hapo ndipo walitokea vijana walioitwa Bills, waliojivika jina la Buffalo Bill kutokana na filamu za kaboi zilizoonyeshwa mitaani. Walikuwa na lugha yao, Hindubill, na mipaka ya mitaa yao, wakapigana, wakaiba, wakawatesa wasichana. Magazeti ya wakoloni yaliandika kama vile filamu ndizo zilizowaharibu.

Serikali ya ukoloni ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwafukuza: kijana asiye na kazi wala karatasi alirudishwa kijijini kwa nguvu, na wengi walirudi mjini kwa miguu ama kwa lori. Ya pili ilikuwa dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto wakosaji, iliyomtenga mtoto na adhabu ya mtu mzima na kumweka chini ya hakimu ambaye anaweza kumrudisha kwa wazazi ama kumpeleka kwenye nyumba ya malezi ya serikali, kama ile ya Madimba. Kwenye karatasi, dekreti hiyo ilikuwa mbele kuliko sheria ya watu wazima.

Aliyekwenda kweli kwa Bills, tena bila amri ya serikali, ni padri Joseph de Laet wa shirika la Scheut. Vijana walimwita Père Buffalo. Alijifunza lugha yao na akakaa kati yao, jambo ambalo wakubwa wengi waliona ni aibu kwa padri. Fundi viatu wa Boston angemtambua mara moja.

Kwa watu wazima, sheria ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, ambayo mifupa yake bado ndiyo inayotumika leo, ilirithi mambo mawili ya Le Jeune. Mtu aliyemaliza robo ya adhabu yake, kama amekwisha kukaa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuachiliwa kwa masharti. Aliyehukumiwa maisha, baada ya miaka mitano. Na hakimu anaweza kusimamisha adhabu ndogo. Lakini kama ilivyokuwa Ubelgiji ya 1888, mtu wa kufuata hayumo. Jirani zetu waliotawaliwa na Waingereza walipata bahati nyingine: Kenya na Tanganyika zilipata katika miaka ya 1940 sheria yenye ofisa wa uangalizi ndani yake, na mpaka leo hakimu wa Kenya anaweza kumwomba ofisa huyo ripoti juu ya nyumbani kwa mtu kabla ya kutoa hukumu. Kongo ilirithi mlango bila bawabu. Miaka zaidi ya 60 imepita tangu uhuru, na hilo si kosa la Mbelgiji tena.

Ngumi, shamba na bunduki

Miaka iliyofuata haikuacha nafasi ya maswali. Vita vya 1996 viliwachukua watoto wa Kivu na kuwafanya kadogo. Wengine walirudi bila shule, wakijua silaha tu. Watoto wa barabarani, maibobo wa Goma na Bukavu, waliongezeka. Kinshasa ilipata Kuluna, wajukuu wa Bills kwa namna fulani, na mapanga mikononi.

Mwezi wa 11 mwaka 2013 polisi walianza operesheni Likofi, maana yake ngumi kwa Kilingala. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau vijana na wanaume 51 waliouawa na 33 waliopotea. Kuluna hawakwisha. Kuanzia mwaka 2020 mamia walipelekwa Kaniama-Kasese, katika Haut-Lomami, wajifunze kulima na kujenga. Hiyo ni afadhali kuliko ngumi, na wakaaji wengi wanaisifu. Lakini mtu aliyesoma ramani ya Shaw ataona udhaifu wake: kijana anafundishwa mbali na nyumbani, na siku akirudi anakuta avenyu ileile, marafiki walewale, na hakuna wa kumuuliza hali. Ni ndugu wa mbali wa yale malori ya Léopoldville. Na mwezi wa tatu mwaka 2024 serikali iliondoa kizuizi cha adhabu ya kifo kilichokuwapo tangu 2003, ikitaja wasaliti na ujambazi wa mijini unaoua watu. Kwa jibu hilo, chanzo hakina kazi tena.

Wakati huohuo majela yamejaa. Makala ya Kinshasa ilijengwa kwa watu 1,500. Mwezi wa tisa 2024, siku ya jaribio la kutoroka lililoua watu 129 kwa hesabu ya serikali, ilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wao hawajahukumiwa. Beni, tarehe 20 Oktoba 2020, washambuliaji walivunja gereza la Kangbayi na watu zaidi ya 1,300 wakatoka usiku mmoja. Walitoka bila masharti na bila wa kuwafuata. Wakaaji wa Beni waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Ila mtu anayetoka kwa mlango wa mbele, akiwa na karatasi ya hakimu, naye anatoka bila wa kumfuata. Tofauti ni muhuri.

Mahali ambapo swali limeandikwa

Kuna sehemu moja ya sheria ya Kongo inayouliza kwa nini. Ni sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Inaagiza tribinali ya watoto katika kila teritwari na kila mji. Mtoto wa chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Kwa wa 14 hadi 18, hakimu anatakiwa kutegemea uchunguzi wa asistani sosiali: anaishi na nani, shule aliacha lini, nani anampa chakula, nani anamtuma. Kisha anaweza kumrudisha kwa wazazi na masharti ya kumwangalia, kumweka kwa mtu mwenye heshima, ama kumpeleka kituoni. Ni maswali matatu ya Augustus, yameandikwa upya na wabunge wa Kongo. Lakini tribinali hizo hazijafika kila mahali, na asistani sosiali mmoja mwenye mafaili mengi kuliko pesa za moto hawezi kufika Kiziba, Kadutu ama Ndosho kila wiki kumwona kijana mmoja.

Na kijana huyo akifika miaka 18 na siku moja, swali linafutwa. Kuanzia hapo kinachobaki ni ile robo ya adhabu ya mwaka 1940. Anayetia sahihi ni waziri wa sheria, Kinshasa, baada ya kupata maoni ya parke na ya mkuu wa gereza. Hao wanajua kosa lake na tabia yake akiwa amefungwa. Shefu wa avenyu, anayejua kwamba mama yake amehama, kwamba kaka yake anauza bangi, na kwamba kuna garaji ya mjomba inayotafuta mtu wa kufungua na kufunga, hayumo kati ya wanaoulizwa.